Kete Nyeusi za Jirani

Mama mkwe wangu alipotua Sydney alinyang'anywa kete zake za bao pale pale uwanja wa ndege, na hilo hajalisamehe mpaka leo. Katika kile kikaratasi wanachowagawia abiria ndani ya ndege kuna swali linalouliza kama umebeba mbegu. Kijana aliyekaa kiti cha jirani alimsomea kwa Kiswahili, naye akajibu hapana, kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa amebeba komwe sitini na nne ndani ya mfuko wa kitambaa, na ubao wake wa mfenesi umefungwa ndani ya shuka. Kwake yeye mbegu ni kitu unachofukia ardhini kikaota. Komwe ni kete, na toka azaliwe hajamwona mtu anayepanda kete.

Ofisa alimweleza kwa upole, kupitia mkalimani wa simu, kwamba komwe haijui kama wewe unaichezea tu. Ubao ulimulikwa tochi kila shimo kutafuta wadudu, ukapita. Komwe hazikupita. Mimi na mume wangu tulikuwa tumesimama nje pamoja na mtoto wetu mchanga, tumevaa vizuri, tumeshika maua. Alipotoka hakumwangalia mwanawe, wala mimi, wala mjukuu ambaye alikuwa hajapata kumwona.

"Wamechukua kete zangu," alisema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza Australia. Nikajisemea moyoni, tumekwisha.

Alikuja kunilelea mtoto ili nirudi kazini. Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya wazee huko Toongabbie, na sisi tunakaa Auburn, ghorofa ya pili, vyumba viwili na balkoni inayotosha viti vitatu. Zamu za asubuhi zilinitoa nyumbani kabla jua halijachomoza. Mume wangu anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala, naye zamu zake zilipishana na zangu. Bila mama tusingeweza. Nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele nitaonekana kama mtu asiye na shukrani.

Maana mwezi ule wa kwanza nilitamani arudi kwao. Alihamisha masufuria yangu. Aliniambia wali wangu una maji. Mimi ni mtu wa Morogoro, yeye ni wa Unguja mjini, na kwake yeye kila kilichokosekana kwangu kilikuwa na maelezo mamoja: "Ndo watu wa bara." Mtoto akilia, watu wa bara. Chai ikikosa hiliki, watu wa bara. Mimi nina hasira za karibu, na mara nyingi nilikwenda kuzimalizia chooni, nimefungua bomba la maji.

Kete mpya tulizipata kwa jirani wa chini. Ni mzee wa Kikorea, mke wake alifariki, anapanda pilipili na vitunguu kwenye ndoo mbele ya dirisha lake. Siku moja mama aliupaka ubao mafuta ya nazi, akauegemeza kwenye balkoni upate jua. Mzee akainua macho, akautazama muda mrefu. Kesho yake alibisha hodi, amebeba bakuli la mbao lenye kifuniko, na ndani mna vijiwe vyeusi, bapa, laini. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, ambacho mimi nilikielewa na mama hakukielewa, alieleza kwamba kwao kuna mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe, kwamba mkewe ndiye aliyekuwa akishika vyeusi, na kwamba siku hizi yeye anacheza na watu asiowajua kwenye simu. Kwa hiyo vyeusi havina kazi.

Mama alichukua kimoja, akakipima kiganjani, akakidondosha kwenye shimo. "Havina sauti," alisema. Komwe ikiingia shimoni unaisikia, na mchezaji mzuri anajua umeweka ngapi hata akiwa ameangalia pengine. Lakini alivipokea kwa mikono miwili. Jioni akampelekea mzee sambusa, na mzee akaleta kabichi yao ya pilipili. Mama alionja kidogo, akafumba macho. "Hii ni achari iliyogombana na mtu," alisema, akaongeza nyingine.

Ikabaki shida ya mtu wa kucheza naye. Mwanawe hajui hata kushika kete, akili yake yote iko kwenye mpira. Msikitini aliambiwa wapo wanaume wanaocheza, ila wanakaa mbali, na yeye hangekwenda kukaa na wanaume. Hata kwao hakuwahi kucheza barazani. Bao alijifunzia ndani ya nyumba ya baba yake, nyuma ya mlango, akisikiliza kete na kuchungulia. Kwa hiyo akaniita mimi. Sikuomba kufundishwa, ieleweke hivyo.

"Njoo ukae. Mikono umenawa?"

Kigoda chetu kilikuwa meza ndogo niliyoiokota barabarani siku ambazo watu wa mtaa hutoa vitu wasivyovitaka vikachukuliwe. Ubao ukawekwa juu yake, mimi upande huu, yeye upande ule, mtoto amelala katikati yetu kwenye mkeka. Masharti yalikuja kabla ya mchezo. Usihesabu kwa kidole, hesabu kwa macho. Kete ikishatoka mkononi hairudi. Usilalamike na usijisifu. Na kila mchezaji ana shimo moja kubwa kuliko mengine, linaitwa nyumba, ambamo kete hulundikana. Kete yako ya mwisho ikiangukia mle unaruhusiwa kusimama na kuitunza nyumba, au kuibeba yote na kuitembeza ubao mzima. Hiyo huitwa kusafirisha nyumba. Inapendeza kuitazama, kete zinamiminika shimo baada ya shimo, na anayejifunza hupenda kuifanya kila mara.

"Usisafirishe nyumba kwa sababu unaweza," aliniambia. "Safirisha kwa sababu unajua inakokwenda."

Alinifunga mchezo wa kwanza kabla chai haijapoa. Nikabaki nimekaa, natazama mashimo yangu ya mbele, matupu yote, maana mstari wa mbele ukiisha kete umefungwa.

"Inuka," akasema.

"Niinuke niende wapi?"

"Kwetu aliyefungwa huinuka, akawapisha wengine, akangoja zamu yake mwisho wa foleni."

"Mama, foleni iko wapi? Tuko wawili."

"Weye inuka tu."

Nikainuka. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya jiko bila kujua nimefuata nini. Nikapunguza moto wa wali, nikarudi, nikakaa. Akawa ameshapanga kete. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila nilipofungwa, na nilifungwa kila siku. Nikasimama, nikaenda jikoni, nikarudi. Mume wangu alisema wali umekuwa mzuri siku hizi, nami nikamwambia wali unashughulikiwa mara nyingi.

Sijui ni lini nilianza kuupenda. Najua tu kwamba kwenye treni ya asubuhi, watu wote wamezama kwenye simu zao, mimi nilikuwa nikiangalia dirishani bila kuona kitu, nacheza upya bao la jana kichwani. Tukipita Parramatta nimeshagundua nilipokosea. Jioni nafika mlangoni sijavua hata viatu nasema, "Mama, jana ile ya pili kutoka mwisho." Naye, akiwa na mtoto begani, anajibu, "Nilijua utaiona. Umechelewa kuiona." Tulikuwa hatujawahi kuongea hivyo juu ya kitu chochote.

Mtoto akakua, akatambaa kwenye mkeka, akatembea, akaanza kutuibia kete. Alipofika umri wa kwenda kwenye kituo cha watoto tukamwandikisha, kwa sababu tulitaka azoee wenzake. Siku ya kwanza mtoto alipokwenda huko na begi lake, mama alikaa kwenye kochi mikono mapajani. Nyumba ilikuwa safi. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Jioni ile alimwuliza mwanawe ndege za kwenda nyumbani hupitia wapi siku hizi.

Mume wangu alikwishaanza kushughulikia viza ya kumwezesha kukaa nasi zaidi. Kilichokosekana ni neno lake tu. Akamwambia, mama, kaa, hapa ni kwako. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Ndani ya sanduku lake alikuwa na doti ya kanga mpya, hajaikata, aliyokuja nayo kusudi aivae siku ya kurudi. Mara kwa mara aliitoa akaikunjua, akaikunja tena.

"Mimi si mtu wa kukaa kwa mkwe sina kazi," alisema. Kisha akanielekeza kidole. "Ila huyu sijamaliza kumfundisha. Hajui kitu bado. Akijua, naondoka."

Tukacheka wote. Baadaye nikamsikia akizungumza kwa simu na dada yake aliyeko Unguja. Dada, ni dhahiri, alikuwa akimwuliza atarudi lini. "Nirudi vipi?" mama alikuwa akisema. "Nina mwanafunzi huku." Alilisema kwa fahari, kama vile amepewa cheo. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama alitaka kubaki. Alimpenda mjukuu wake, alizoea mkate wa Waturuki wa pale kona, alizoea kumsikia mzee wa chini akimwagilia pilipili. Lakini kusema nataka kubaki asingeweza, hata umpe dunia. Mtu wa namna yake hukaa mahali akiwa na sababu, na sababu iliyobaki ilikuwa mimi nisiyejua bao.

Kwa muda hilo halikunisumbua, maana nilikuwa sijui bao kweli. Kisha ikaja Jumapili moja, tumekaa balkoni, chai iko chini miguuni. Nikaangalia ubao, nikaona. Sijui nieleze vipi. Nilimwona anakwenda kumalizika. Nikitunza nyumba yangu, nikimlisha kete mbili upande wa kushoto, mashimo yake ya mbele yanaisha, na hana pa kutokea. Nikarudia kuhesabu kwa macho. Ni kweli. Nikafurahi, na nyuma ya furaha ile ikaja hofu, nikaona sanduku, nikaona kanga.

Nikasafirisha nyumba. Ikamiminika ubao mzima, ikapendeza, ikafia kwenye shimo tupu. Mama aliutazama ubao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaanza kula kete zangu taratibu, shimo kwa shimo, mpaka zikaisha. Hakusema inuka. Niliinuka mwenyewe.

Nikafanya hivyo tena wiki iliyofuata. Mara nyingine baada ya hapo, mkono wangu ulipokuwa unaelekea kwenye nyumba, aliweka kiganja chake juu ya ubao.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Mtu niliyemfundisha miye hasafirishi nyumba hapo. Macho yako yameona, mkono wako umekwepa. Tangu lini unaniachia?"

Nikasema nilikuwa nimechoka na kazi. Uongo ule hata mimi ulinitia aibu.

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunigusia. Kaka yake ndiye aliyekuwa akicheza naye ndani, wakiwa wadogo, na kaka huyo alikuwa akimwachia kila mchezo, kwa sababu yeye ni msichana na ni mdogo, na alipenda kumwona akifurahi. Akajiona bingwa. Mpaka siku shangazi yao alipokuja kukaa, akamfunga mkononi, yaani akamfunga hata kete za kuanzia hazijaisha kuingia ubaoni. Akalia, akamkimbilia kaka, na kaka akacheka, akamwambia kweli. "Miaka yote ile," alisema mama, "nilikuwa nacheza peke yangu, na mtu amekaa mbele yangu. Sasa weye unanirudisha kulekule." Hakupaza sauti. Alikusanya vijiwe, akavitia kwenye bakuli, akafunika. Ubao akaupandisha juu ya kabati.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na adabu ya kutisha. Asante mwanangu, karibu Mama, chumvi ile pale. Alianza tena kuuliza habari za ndege, safari hii kwa kutaja mwezi. Mume wangu akanivuta jikoni.

"Mmegombana?"

"Hapana. Tulicheza bao."

Alinitazama kama mtu aliyeoa familia nyingine.

Kazini nina mwenzangu kutoka Kongo, upande wa Bukavu, mwanamke mwenye mdomo. Tulikuwa tunabadilisha mashuka, nikamsimulia yote. Akaangusha mto.

"Weye, uko na wazimu? Unamwachia mama mkwe ashinde ili abakie? Miye ningemupiga tangu siku ya kwanza, arudie kwao!" Alicheka mpaka akashika kitanda. Kisha akanitazama, akaacha kucheka. "Kumbe unamupenda."

Nilisema ndiyo. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti, na nililisema Toongabbie, nimeshika mfuko wa nguo chafu, kwa mtu asiyehusika.

Kisha ikaja filamu moja, nayo ilikuwa wazo la mzee wa chini. Alishangaa kutosikia tena vijiwe kule juu, akaja kuuliza kama vimepotea. Nikamweleza kwa kifupi kwamba mwalimu na mwanafunzi hawaongei. Akatikisa kichwa kama daktari anayeijua homa hiyo, akaniandikia kwenye simu jina la filamu ya kwao. Ni habari ya watu wa kweli, alisema, na mchezo ni ule ule wa vijiwe vyake.

Tukaitazama Jumapili mchana, mimi na mama kwenye kochi, mtoto chini na penseli zake. Maneno ya Kiingereza yanapita chini ya picha, mimi namtafsiria. Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Alipoona mwalimu anamchukua mtoto wa watu, anamleta kuishi nyumbani kwake amfundishe, akasogea mbele. Alipoona mtoto anakaripiwa kwa kuweka kijiwe ovyo, akasema, "Vizuri." Mchezo wenyewe hatukuuelewa hata kidogo, lakini nyuso tulizielewa.

Kisha mwanafunzi akamfunga mwalimu wake, mbele ya watu.

"Huyu kijana anakula kwa nani?" mama akauliza.

"Kwa mwalimu wake."

"Na amemfunga?"

"Amemfunga."

"Usiku atalala wapi?"

"Hapo hapo kwa mwalimu, Mama. Wanakaa nyumba moja."

Kwenye kioo watu wawili walikuwa wanarudi nyumba moja na hawasemezani, kama sisi siku zile. "Mke wa mwalimu ana kazi," mama alisema mwishowe. Akainuka, akasema kichwa kinamgonga, akaenda kulala kabla filamu haijaisha. Sehemu ya mwalimu aliyefungwa anavyojikusanya na kurudi kucheza niliitazama peke yangu. Nilitaka kwenda kugonga mlango wake nimwambie, Mama, haikuishia pale. Nikaona nitaonekana namfundisha.

Jumamosi iliyofuata niliporudi sokoni nilikuta ubao balkoni. Kete zimeshapangwa. Mzee wa Kikorea yuko kwenye kiti cha tatu, amealikwa, ana kikombe cha chai ya tangawizi. Wali uko jikoni unachemka. Mume wangu yuko ndani na mpira wake.

"Nawa mikono," mama alisema.

Nikanawa. Nikakaa. Ilikuwa baridi ya mwezi wa saba, jua limeingia balkoni kidogo tu, na mama amevaa sweta la mwanawe juu ya kanga.

"Ukiniachia," alisema, bila kuniangalia, "nitajua. Na nikijua, miye na weye tumemalizana, hata nikiishi mlango wa pili."

Basi nikacheza. Sijawahi kucheza vile, na sidhani nitacheza tena. Aliila nyumba yangu mapema, akanibana upande wa kulia, akanipora kete mpaka nikaona aibu mbele ya mgeni. Nilikuwa na hasira naye, na ile hasira ilinisaidia. Niliacha kufikiria ndege. Nilifikiria shimo lile na lile, na kete iliyobaki pembeni aliyodhani nimeisahau. Nilikula mara moja, kete chache, hazikuonekana kama kitu. Nikala tena. Mkono wake ulianza kukawia juu ya ubao. Mzee hakuelewa bao hata chembe, lakini aliweka kikombe chini.

Zamu yangu ilipofika nikaona. Safari hii sikuhesabu mara mbili. Nikachukua, nikatembeza, kijiwe cha mwisho kikaingia shimoni bila sauti, na upande wake wa mbele ukawa mtupu, mwanzo mpaka mwisho.

Mama alikuwa anayatazama mashimo yake yale matupu kama mtu aliyeingia chumbani akakuta vyombo vimehamishwa.

Mtoto alikuwa ameegemea mlango wa balkoni. Amekulia juu ya mkeka ule na sheria zote anazijua. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu Kiingereza.

"Bibi has to get up," alisema.

Mama akamtazama mjukuu wake. Akashika magoti, akainuka. Tangu aje nchi hii hakuwa ameinuka mbele ya ubao ule hata mara moja kwa kufungwa. Mzee naye akasimama, akainama kidogo, na akabaki amesimama. Mama akapita kati yetu, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nikasikia zipu ya sanduku.

Mume wangu akatokeza kichwa. "Kuna nini?"

"Nimemfunga mama yako."

Akarudisha kichwa ndani. Nilibaki na vijiwe mkononi, navibana. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba nimeshinda, na kwamba asubuhi nitaamka nyumba haina mtu wa kumwambia ile ya pili kutoka mwisho. Nikaanza kulia pale pale, mbele ya jirani, na sikutafuta bomba la kukifichia kilio.

Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa ameshika kanga. Ile doti ya safari ilikuwa imekatwa katikati, uzi unaning'inia pembeni, na kipande kimoja amekikunja mara nne. Akaja nacho mpaka balkoni, akakiweka juu ya kiti chake, akakipigapiga kikalala vizuri.

"Hiki kiti kigumu," alisema. "Toka nije kinaniumiza, sikusema kwa sababu nilijua sikai."

Akakaa juu ya kanga.

"Mama," nikasema, "na safari?"

"Safari ipi? Nirudi Unguja dada yangu aniulize nani kakufunga, nimjibu mtu wa Morogoro?" Alianza kukusanya vijiwe upande wake. "Nimefungwa, nimeinuka, nimekwenda mwisho wa foleni. Foleni ni fupi. Sasa ni zamu yangu. Panga."

Nikapanga, na machozi yakidondokea ubaoni. Aliyafuta kwa ncha ya sweta ili ubao usinywe maji.

"Lia tu, hujakatazwa," alisema. "Ila usiniachie."

Sikumwachia. Alinifunga mkononi, haraka, mbele ya mzee, mbele ya mtoto. Nikainuka, nikaenda jikoni kupunguza moto wa wali, nikarudi.